Majina Tumboni mwa Susu

Ko! Ko! Ko!

Mlio uliotukatiza wiki jana haujanyamaza, msomaji wangu. Unatoka ndani ya injini ya Susu, ile Ford kuukuu ya mwaka wa ishirini na sita, na Susu yuko kwenye mteremko wa mto Ndarugu, maili chache tu kutoka Thika. Kaleli ameshika usukani. Ni asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, na bado jasho linamtiririka shingoni.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, ruka ndani. Nitakueleza tukienda.

Zacharia, rafiki wa Kaleli na wenzake wawili walio garini, mfua mabati wa mtaa wa Makongeni, Thika, amefungiwa kwenye kambi ya kuchunguza watu huko Ruiru. Alipitishwa mbele ya mtu wa gunia, yule anayefunikwa kichwa chote abaki matundu mawili ya macho. Gunia likatikisika mara moja tu. Maana yake: ndiye aliyechoma ghala la kahawa Jumamosi ya tarehe ishirini Machi. Leo saa sita mchana, lori linampeleka kizuizini. Na wewe unajua mwaka ule wa hamsini na nne, aliyepanda lori lile nyumbani walianza kumzungumzia kama marehemu.

Uongo mtupu. Tarehe ishirini Machi Zacharia alishinda Makongeni, amelala chali chini ya Susu, anakwangua chuma tangu asubuhi mpaka giza likaribie.

"Mashahidi wako rafiki yake," afisa Mzungu wa kambi alimwambia Kaleli juzi kwa kile Kiswahili chao cha shambani. "Rafiki iko danganya. Chuma hapana danganya. Wewe lete hiyo gari, mimi taona na macho yangu. Kabla ya saa sita."

Ndiyo maana Susu yuko barabarani. Na ndiyo maana Susu hana ruhusa ya kufa.

"Simamisha!" Odhiambo alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma, magoti yake yamekumbatia debe la maji. "Omera, simamisha, utaua kranki!"

Kaleli alisimamisha. Mlio ukakata. Kukawa na kimya cha mto tu.

Odhiambo alikuwa mhunzi, mikono kama nyundo mbili. Aliruka chini, akaanza kufungua mshipi wake wa ngozi.

"Unavua nguo za nini?" aliuliza Perez kutoka kiti cha mbele.

"Navua mshipi, karani. Beringi imekwisha. Tunafungua tumbo, tunakata kipande cha ngozi, tunakivika kranki, tunafunga. Ngozi inatufikisha Ruiru. Nilishafanya hivyo na lori la mawe, likaenda mpaka Sagana."

"Hakuna kufungua," alisema Kaleli.

"Utafika na nini? Na maombi ya Perez?"

"Odhiambo, hakuna kufungua. Umesahau risasi?"

Odhiambo akabaki na mshipi mkononi, suruali imeanza kuteremka.

Hapa nikueleze desturi ya watu hawa, maana hadithi yote imening'inia hapo. Susu aliokotwa kwenye shamba la katani, kuku wanatagia kwenye kiti. Jamaa wakamkokota hadi Makongeni, wakagawana silinda zake nne kama watu wanaogawana mbuzi. Ya kwanza ya Kaleli. Ya pili ya Odhiambo. Ya tatu ya Zacharia. Ya nne ya Kagwe, ambaye aliondoka mwezi wa nne bila kuaga mtu, na tangu hapo Makongeni jina lake halitajwi. Kila mtu alimwaga beringi yake mwenyewe kwa madini laini yaliyoyeyushwa, akaikwangua ikae sawa, na kwenye kofia yake, kile kipande cha chuma kinachobana mkono wa pistoni kwenye kranki, mhimili wa injini, akapiga chapa jina lake na tarehe. Silinda ikigonga, mwenye jina ndiye anayenunua chai na mandazi ya wote. Kukataa huwezi. Jina liko ndani.

Lakini waliwahi kugombana. Mtu mmoja alifungua tumbo usiku akabadilisha beringi yake mbovu, akadai ni nzima. Karibu ngumi zirushwe. Basi Perez, Mgoa, karani wa ghala la bidhaa pale stesheni, akaleta dawa: waya na kipande cha risasi laini, si ya bunduki, na lile koleo lake la kufungia mabehewa, linalobana tarehe ya siku kwenye risasi. Koleo lile hugeuzwa tarehe kila asubuhi na halirudi nyuma. Jioni ya tarehe ishirini Machi, Perez alipitisha waya kwenye bolti za tumbo la Susu, akabana. Tangu siku ile tumbo halijafunguliwa.

Risasi nzima nje, jina la Zacharia ndani. Huo ndio ushahidi wote uliopo duniani. Ukikata waya barabarani kuokoa injini, umemuua Zacharia.

"Basi tumekwisha," alisema Odhiambo, akivaa mshipi. "Yawa, tumekwisha tukiwa bado wazima."

Kaleli alirudi kwenye usukani. Mbele ya dereva, Susu alikuwa na visanduku vinne vya mbao vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja kinarusha cheche ya silinda yake. Kaleli alijifunza gari kwenye matope ya Burma, wakati wa vita, ambako duka halikuwepo na fundi mkuu alikuwa njaa.

"Piga hendeli," alimwambia Odhiambo.

Susu akawaka. Ko! Ko! Ko!

Kaleli alibonyeza kidole gumba juu ya kisanduku cha kwanza, kikanyamaza. Ko! Ko! Mlio uleule. Cha pili: mlio ukapungua kidogo, ukarudi. Umeme ukamrusha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akabonyeza cha tatu.

Kimya.

"Ya tatu," alisema Perez kwa sauti ndogo. "Ni ya Zacharia. Mama Maria, katika silinda zote nne!"

Kaleli alikichomoa kisanduku cha tatu kama anayeng'oa jino, akampa Perez. "Kaa nacho mapajani. Bila cheche pistoni inapanda na kushuka tu, haisukumi. Beringi haitagongwa."

"Tunaenda na silinda tatu?"

"Tunaenda na tatu."

"Na ule?" Perez alinyoosha kidole.

Ng'ambo ya daraja la Ndarugu, kilima kilisimama mbele yao kama ukuta wa kanisa.

*

Susu alivuka daraja, akaanza kupanda, akafika hatua thelathini. Akakohoa. Akazima.

Wakajaribu tena. Hatua ishirini. Akazima.

Perez alitoa saa yake mfukoni. "Saa nne na nusu."

"Rudisha hiyo saa mfukoni kabla sijaitia mtoni," alisema Odhiambo. "Shuka usukume. Viatu vyako vinang'aa kuliko Susu mwenyewe, leo vitajua mavumbi."

Walisukuma. Susu akarudi nyuma, akawasukuma wao.

Kaleli aliweka kipaji cha uso kwenye usukani. Alimwona Zacharia, mtu mfupi mwenye kicheko cha pua, siku alipomaliza kukwangua ile beringi. Alisema: "Hii itanizika, Kaleli. Hii itaishi kuliko mimi." Wakacheka wote.

Ghafla Kaleli akainua kichwa.

"Petroli!"

"Ipo," alisema Odhiambo. "Nimejaza mwenyewe hadi nusu."

"Ipo lakini haifiki. Susu hana pampu. Petroli inatiririka yenyewe kutoka tangi la chini ya kiti. Kilima hiki kimeinua injini juu kuliko tangi. Na gia ya kwanza ni nzito mno kwa silinda tatu. Lakini gia ya kurudi nyuma ni nyepesi kuliko zote."

Odhiambo alimwangalia kama anayemwangalia mgonjwa wa malaria. "Unataka kupanda mlima na matako mbele?"

"Ingieni."

Waligeuza Susu pale darajani. Kaleli akakanyaga pedali ya katikati, ile ya kurudi nyuma, akageuza shingo, na Susu akaanza kupanda kilima cha Ndarugu kinyumenyume, akilia kama mbuzi anayevutwa masikio. Hatua hamsini. Mia. Maji yalichemka kwenye rejeta, mvuke ukawafunika. Perez alisali kwa Kilatini, Odhiambo akitukana kwa Kijaluo, na kati ya lugha hizo mbili Susu akapata nguvu za kufika juu.

Juu waliwakuta askari wanne na gogo katikati ya barabara.

"Simama! Mikono juu!"

Mikono sita ikapanda juu.

Mkubwa wao alizunguka gari mara mbili, bunduki mbele. "Mnatoka wapi?"

"Thika, effendi," alisema Kaleli.

"Mnakwenda wapi?"

"Ruiru."

"Uongo! Gari la kwenda Ruiru haliangalii Thika. Nyinyi mlituona, mkawa mnarudi!"

"Effendi, tungekuwa tunarudi tungekuwa tunashuka," alisema Odhiambo.

"Wewe nani amekuuliza?"

Waliteremshwa. Vipande vyao vya utambulisho vikasomwa kimoja kimoja, herufi kwa herufi, na askari mmoja akakisoma cha Perez kichwa chini. Dakika ishirini zikaenda. Kaleli alizihesabu kwa mapigo ya moyo wake. Mwisho Perez akatengeneza tai yake, akasogea mbele, akasema polepole kama anayesoma bili ya mizigo:

"Sajini, gari hili linangojewa na afisa wa kambi ya Ruiru kabla ya saa sita. Ukilichelewesha, mimi nitaandika jina lako. Niambie linaandikwaje."

Gogo liliondolewa, Susu akageuzwa.

"Perez!" Odhiambo alicheka mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe una meno!"

"Nyamaza," alisema Perez, akirudisha kisanduku mapajani. "Nyamaza tu."

*

Walipita Juja, katani kulia katani kushoto, Susu akichechemea kwa miguu mitatu. Barabara ilikuwa tambarare na Kaleli akaanza kuamini. Hapo ndipo alipoisikia.

Ko.

Ndogo. Kama mtu anayebisha mlango akiogopa kuamsha wenyeji.

Akabonyeza kisanduku cha pili. Ikanyamaza. Akaachia. Ko.

"Odhiambo," alisema. "Na yako inaanza."

"Yangu? Haiwezekani! Yangu niliimwaga mara mbili!"

"Inaanza, nakwambia. Ya pili na ya tatu. Zimekaa jirani, zinaugua pamoja."

"Ya Zacharia imeambukiza yangu," alisema Odhiambo, lakini hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Kaleli aliona kuna kitu hapo, kitu alichokuwa anakijua na kukisahau, kinamkwepa kila akikaribia kukishika. Hakikumkaa. Kichwani mwake mlikuwa na saa sita tu.

Waliingia Ruiru zikiwa zimebaki dakika kumi na nane.

Kambi ilikuwa ghala la zamani la kahawa lililozungushiwa seng'enge. Nje ya lango wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani na vikapu vyao. Mmoja alisimama, akakimbia sambamba na gari, mkono kwenye bati. Alikuwa Ngendo, mke wa Zacharia.

"Wameshawapakia!" alilia. "Kaleli, wamepakiwa! Mlikuwa wapi? Ngai, mlikuwa wapi?"

Susu alipita langoni, akasimama katikati ya uwanja, akazima mwenyewe kama punda aliyefika.

Lori lilikuwa pale, nyuma wazi, limejaa wanaume wamechuchumaa mikono vichwani. Katikati yao Zacharia. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Alipomwona Susu midomo yake ilisogea, na Kaleli alijua anasema nini, maana ndilo lililokuwa la kwanza kutoka kinywani mwake kila Jumamosi, akimtaja Susu, yaani bibi kwa Kikamba: "Bibi amelalaje?"

Dereva wa lori, Mkamba mnene mwenye shati la khaki, alikuwa ameegemea mlango wake. Alikuja akamgusa Susu kwenye taa kama anayemgusa ng'ombe mzuri wa jirani.

"Mwaka wa ishirini na sita," alisema. "Nilijifunzia hii. Naitwa Makau. Vita ile nilikuwa karakana, Mandalay, kule Burma."

"Mimi Kaleli. Nilipita huko."

"Pole kwa hiyo sauti niliyoisikia ukiingia," alisema Makau, akarudi kwenye lori lake.

Ukutani kulikuwa na ubao wa majina ya wapiganaji wa msituni wanaotafutwa. Kaleli hakutaka kuusoma, lakini macho hayana adabu. Jina la tatu kutoka juu: KAGWE, WA MAKONGENI, THIKA.

Aligeuza uso haraka. Akajituliza. Inafunguliwa ya tatu tu, alijiambia. Ya tatu, basi. Ya nne haina mtu wa kuiuliza.

*

Afisa alitoka na fimbo kwapani. Masharubu yake yalikuwa mekundu na ya kusimama, mahabusu walimwita Kifagio.

"Kwisha fika. Dakika kumi na mbili. Wapi hiyo risasi?"

Perez alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya pasi. "Hapa, sir. Tarehe ishirini, mwezi wa tatu, hamsini na nne. Nambari ya koleo langu iko katika vitabu vya ghala. Nimelitumia bila ruhusa, hilo nakubali, na kazi yangu najua imekwenda. Lakini tarehe ni ya kweli."

Kifagio aliinama, akaipangusa risasi kwa kidole, akaisoma. Akakata waya kwa mkono wake mwenyewe.

"Fungua."

Kaleli aliingia chini. Bolti za tumbo zilikuwa zinawaka. Kifuniko kilipoachia, oili ya moto ikamwagika juu ya mkono wake hadi kwapani, akauma ulimi asipige kelele. Kule chini, dunia ilikuwa miguu tu. Buti za Kifagio. Viatu vya Perez, sasa vyekundu kwa vumbi. Buti za Odhiambo, zisizotulia.

Alifungua ya tatu. Vipande vya beringi iliyopasuka vilimwangukia kifuani kama wali ulioungua. Akaitoa kofia, akaifuta kwa shati lake, akaipitisha nje bila kuitazama.

Buti zilisogea mwangani.

"O, D, H," alisoma Kifagio. "Odhiambo. Tarehe kumi na tatu Machi." Fimbo ikapiga buti. "Hii iko Zacharia?"

"Nini?" Odhiambo alifoka. "Hapana! Yangu ni ya pili!"

"Mimi kwisha ona ya kutosha. Dereva! Washa gari!"

Injini ya lori ikanguruma. Nje ya lango Ngendo alipiga ukemi uliofanya ndege waruke.

Kaleli alilala pale, oili inampoa mkononi, na kile kitu kilichomkwepa tangu Juja kikaja chenyewe kikakaa kifuani pake.

Tarehe ishirini. Jua linazama. Perez anahimiza, kafyu, kafyu, amri ya kutotoka usiku. Kofia zote ziko kwenye karai la mafuta ya taa. Na aliyezifunga, moja baada ya nyingine, kwa haraka, kwa kupapasa, ni yeye. Kila fundi anajua kofia haihami. Iliyokwanguliwa kwa mkono huu wa pistoni haivai mkono mwingine. Ukizibadilisha zitazunguka, zitakudanganya Jumapili mbili tatu mtaani, lakini ukizipeleka mbali zitalika. Zote mbili. Jirani na jirani.

"Effendi!" alipiga kelele kutoka chini ya gari. "Effendi, ni kosa langu! Nilizibadilisha! Hiyo ndiyo sababu ya kugonga! Muulize dereva wako, aliisikia! Ya Zacharia iko kwenye ya pili! Nipe dakika tatu!"

Buti ziligeukia lori, zikasimama.

"Aliisikia nini?" Kifagio aliuliza mwishowe.

Sauti ya Makau ilitoka juu ya lori, nzito na taratibu. "Kweli, effendi. Iligonga. Kofia zikihamishwa hulia hivyo."

"Dakika tatu."

Mikono ya Kaleli haikuwahi kukimbia hivyo, hata Burma. Nati ya kwanza. Nati ya pili ikamteleza, ikamuunguza, akaishika kwa meno ya spana. Kofia ikatoka. Hakuifuta kwa shati. Aliisugua kwa kidole gumba, na herufi zikajitokeza moja moja, zimepinda kama meno ya mwenyewe: ZACHARIA 20-3-54.

Akaipitisha nje.

Kifagio aliishika muda mrefu. Akaigeuza. Akaangalia risasi, akaangalia kofia.

"Hii kazi ya siku ngapi, kukwangua?"

"Moja nzima, effendi. Asubuhi mpaka jioni," alisema Kaleli.

"Hm." Fimbo ilitulia. "Askari. Teremsha huyo Zacharia."

Msomaji wangu, mimi nimetembea nchi nyingi na nimesikia vilio vingi vya furaha, lakini kama hicho cha Ngendo sikupata kingine. Kule chini Kaleli alifumba macho. Alipoyafumbua aliona mguu mmoja ulio pekupeku unashuka kwenye ngazi ya lori, unagusa udongo.

Mguu mmoja. Wa pili ulikuwa bado juu.

"Subiri," alisema Kifagio.

Alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza Kaleli aliuona uso wake, umeinamishwa, masharubu yamegeuka juu chini, na ulikuwa uso wa mtu aliyeanza kufurahia.

"Iko silinda nne. Pili Zacharia. Tatu Odhiambo. Ya kwanza nani?"

"Mimi, effendi. Kaleli."

"Na ya nne?"

Viatu vya Perez vilisogea hatua moja nyuma. Buti za Odhiambo zilisimama kabisa.

"Ya nne… haina mtu, effendi. Tulifanya pamoja."

"Mgoa, nani ya nne?"

"Mimi ni karani tu, sir. Mimi nabana risasi. Sikuangalia."

"Basi sisi taangalia wote. Chuma hapana danganya, eh? Fungua."

Kaleli aliijua ile kofia. Aliiona ikipigwa chapa, nyundo kwa nyundo, Zacharia akiishikilia koleoni na mwenye jina akipiga. KAGWE 20-3-54. Tarehe moja na ile ya Zacharia, yaani alishinda na mtu anayetafutwa. Ushahidi ule ule unaomtoa Zacharia kwenye lori utamrudisha humo, na wao watatu nyuma yake.

Kwenye ngazi ya lori, ule mguu pekupeku ulinyanyuka polepole kutoka kwenye udongo. Ukarudi juu.

"Effendi," ilisema sauti ya Zacharia, kavu. "Acha gari la watu. Mimi niko tayari. Twende."

"Unaona?" Kifagio alisema kwa upole, akimwambia Kaleli kama rafiki. "Mtu kwisha pata ruhusa ya kwenda nyumbani, anarudi kwa lori. Sababu gani? Fungua, fundi."

Kaleli alipapasa spana zake kwenye udongo. Mkono ukaipita ile ya kipimo. Ukashika kubwa zaidi, ile iliyolika, ambayo Makongeni waliitumia kupigilia misumari tu. Akaivisha kwenye nati ya silinda ya nne. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Krrr!

Spana ikazunguka tupu. Akavuta tena. Pembe za nati zikalika, zikawa mviringo kama shanga. Katika miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kumfanyia hivyo Susu, wala gari la adui.

"Imekataa, effendi," alisema, akihema. "Nati imekufa. Haifunguki tena."

Buti zikageuka.

"Dereva! Wewe iko spana ya bomba?"

"Ipo, effendi."

"Zima lori. Kuja fungua."

Injini ya lori ikazima. Kaleli aliona buti nyingine zinakuja, pana, za mtu asiye na haraka. Zikasimama. Makau akapiga magoti, akalala chali, akajivuta chini ya Susu mpaka bega lake likagusana na la Kaleli. Wakawa wawili pale gizani, nyuso karibu, oili ikidondoka kati yao. Makau aliigusa nati kwa kidole. Akaizungusha ncha ya kidole mara moja, polepole, mahali pembe zilipokuwa.

Kisha akasema kwa Kikamba, bila kufumbua midomo sana:

"Mwana wa mama, fundi aliyepita Burma haui nati kwa bahati mbaya. Spana yangu itaifungua hii kwa mzunguko mmoja. Kabla sijaivuta, niambie. Humu ndani mmeandika jina la nani?"